Tasnifu Imalizike, Tena Isomeke

Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaosomeshwa na sharika zetu, waliokutana pamoja na wajumbe wa kamati za sharika. Tunaichapa hapa kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala.



Tumeombwa kusema juu ya namna ya kuandika tasnifu ya sayansi. Pale mlangoni mzee mmoja ametuuliza, kwa heshima kabisa, jambo hili linamhusu nini yeye ambaye hakuvuka darasa la saba. Tulimjibu kwamba linamhusu kuliko anavyodhani. Ada ya vijana hawa imetoka kwa wafadhili, ndiyo, lakini sehemu yake imetoka kwenye mnada wa mavuno. Mkungu wa ndizi ulionadiwa nje ya kanisa, mayai kumi na mbili, jogoo aliyepandishwa bei mara tatu kwa furaha: hivyo ndivyo vimelipia maabara. Kwa hiyo mwenye jogoo ana haki ya kuuliza kilichopatikana.

Na tuseme ukweli mapema. Katika vijana tuliowasomesha, walioshindwa mitihani ya darasani ni wachache sana. Waliokwama, wengi wamekwama kwenye tasnifu. Masomo wamemaliza, sampuli wamekusanya, lakini kitabu hakijatoka. Mwaka unapita, wa pili unapita, kijana anaanza kukwepa kupita karibu na ofisi yetu. Hatuji kuwalaumu. Hata sisi tuliposoma tulikaa miezi minane bila kuandika mstari, huku tukiwaambia watu wa nyumbani kwamba bado tunasoma vitabu. Tulikuwa tunaogopa karatasi tupu.

Kisima na tasnifu iliyolala

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisimamia uchimbaji wa kisima katika kijiji kimoja cha ukanda wa kaskazini. Maji yalitoka mengi, safi kwa macho, na siku ya kuzindua akina mama walipiga vigelegele. Baadaye, maji yalipopimwa vizuri, yalikutwa na floraidi nyingi mno kwa kunywa. Ninyi mnaotoka kwenye miteremko ya Meru mnaijua habari hii, maana miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia madini hayo ndani ya maji. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaota, meno hupata madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Yakizidi sana na kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika.

Kilichotuumiza zaidi kilikuja baadaye. Tuligundua kwamba mwanafunzi mmoja alikuwa amekwisha kupima maji ya bonde lile lile kabla hatujachimba. Tasnifu yake ilikuwa kwenye rafu ya maktaba ya chuo. Kosa la kwanza lilikuwa letu, kwa sababu hatukuitafuta. Lakini tulipoifungua tukaona kwamba hata kama tungeifungua mapema, huenda tusingeelewa. Kichwa chake kilikuwa na mistari minne. Ikisiri yake ilisema kwamba viwango vya floraidi vilitofautiana baina ya vyanzo vya maji. Basi. Ni chanzo kipi, kiasi gani, na je, maji yanywewe au yasinywewe, havikusemwa. Jibu lilikuwa kwenye jedwali moja nyuma kabisa, kati ya majedwali mengi, bila neno la kulielezea.

Mwanafunzi yule alifaulu, na alistahili. Vipimo vyake vilikuwa sahihi. Lakini kisima tulikichimba, tukakifunga kwa matumizi ya kunywa, na fedha za wafadhili zikaanza upya kutafuta matangi ya maji ya mvua. Tangu siku ile tunasema katika ofisi yetu: tasnifu imalizike, tena isomeke.

Swali moja, linaloweza kujibiwa hapana

Jambo la kwanza ni swali. Vijana wengi hutuletea mada badala ya swali. "Ubora wa maji vijijini" ni mada, na mada haina mwisho. Swali ni hili: je, katika visima vya kata fulani, floraidi hupungua wakati wa masika kuliko wakati wa kiangazi? Hili lina mahali, lina kipimo, lina wakati, na linaweza kujibiwa hapana. Swali lisiloweza kujibiwa hapana halifai kwa sayansi, kwa kuwa hakuna matokeo yatakayoweza kukusahihisha.

Jaribio letu ni rahisi. Mweleze mama yako swali lako kwa sentensi moja, kwa lugha ya nyumbani. Akikuuliza, "Sasa utajuaje?", umefaulu, maana ameelewa kiasi cha kutaka mbinu. Akisema, "Mungu akusaidie mwanangu," rudi ukaliandike upya.

Andika kwa mpangilio wa kazi, usisubiri mpangilio wa kitabu

Kitabu kikikamilika kitakuwa na ikisiri, utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho na mapendekezo. Huo ndio mpangilio wa msomaji. Mwandishi akianza na ikisiri atakwama, maana anafupisha kitu ambacho hakipo bado.

Ushauri wetu ni kuanza na sura ya mbinu, na kuianza wiki ile ile unapokwenda uwandani. Unajua ulichofanya, kiandike kabla hakijasahaulika. Baada ya hapo tengeneza majedwali na michoro ya matokeo, uyapange mezani mpaka yasimulie habari moja, ndipo uyaandikie maneno. Mjadala ufuate. Utangulizi uumalizie ukiwa umeshajua unamkaribisha msomaji kwenye nyumba ya namna gani. Ikisiri iwe ya mwisho.

Sura ya mbinu ina kipimo kimoja tu: je, mtu mwingine ambaye hajawahi kukuona anaweza kurudia kazi yako? Ukiandika "sampuli za maji zilikusanywa na kupimwa," hujasema kitu. Sema ni visima vingapi na ulivichaguaje. Sema ulichota mwezi gani, saa ngapi, baada ya kupampu kwa muda gani. Sema chupa zilikuwa za plastiki, kwa kuwa kioo hakifai kuhifadhia maji ya kupima floraidi. Sema ulitumia elektrodi ya floraidi, na kwamba kabla ya kupima maji ya kijiji ulikihakikisha kifaa kwa maji yenye kiasi kinachojulikana. Sema kila sampuli ilipimwa mara ngapi. Haya si madoido, ndiyo yanayomfanya mtahini akuamini.

Somo la Mpemba

Kuna kisa cha kwetu ambacho kila mwanafunzi wa sayansi angepaswa kukijua. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, akiwa sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Alihofia kukosa nafasi kwenye friza, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wao, Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, huku wanafunzi wenzake wakimcheka. Osborne hakucheka. Alirudi akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya kurasa chache katika jarida la ualimu wa fizikia.

Ndani ya makala hiyo mna jambo la kuchekesha lenye fundisho. Fundi wa maabara alileta taarifa kwamba maji ya moto kweli yaliganda kwanza, lakini akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka apate matokeo sahihi. Vijana wetu, hapo ndipo tasnifu nyingi huharibika! Mtu anapima, anapata asichokitarajia, anaanza kuondoa namba moja moja mpaka ibaki ile anayoipenda. Ukiondoa kipimo, andika kwamba umekiondoa na sababu yake. Usipokuwa na sababu ya kuandikika, kirudishe.

Na kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walichapisha majaribio yao na kusema hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huganda kwanza. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kubadilisha jibu. Ubishi unaendelea. Je, Mpemba aliaibika? Hata kidogo. Aliuliza wazi, akaeleza alichofanya, na kwa sababu hiyo watu wameweza kumpima kwa zaidi ya miaka hamsini. Ndiyo maana tunawasihi mwandike mahali mlipoweka kipimajoto.

Matokeo peke yake, mjadala peke yake

Sura ya matokeo inasema ulichokiona. Sura ya mjadala inasema unadhani maana yake ni nini. Ukizichanganya, msomaji hajui lipi ni jicho lako na lipi ni wazo lako. Na kama jibu la swali lako ni hapana, liandike kwa sauti ile ile ambayo ungeandikia ndiyo. Dawa isiyoua wadudu wa kahawa ikijulikana haiui, mkulima anaokoa fedha yake.

Kuhusu takwimu tutasema moja tu. Programu ya kompyuta ikikuambia kwamba tofauti ina uzito wa kitakwimu, imekuambia kwamba tofauti hiyo haielekei kuwa ya bahati tu. Haijakuambia kwamba ina faida. Chukulieni mfano wa chujio linaloshusha floraidi kutoka miligramu 8 hadi 7 kwa lita. Ukipima mara nyingi vya kutosha, kompyuta itakubali kwamba tofauti ipo. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5, kwa hiyo mtoto anayekunywa yale ya 7 bado anaumia. Andika yote mawili, la kompyuta na la mtoto.

Na unapotaja kiwango, taja ni cha nani na cha mwaka gani. Kwa miaka mingi hapa Tanzania iliruhusiwa hadi miligramu 4 kwa lita, kisha viwango vipya vya taifa vikashuka hadi 1.5. Tasnifu mbili zinaweza kupima kisima kimoja, moja ikasema maji ni salama na nyingine si salama, na zote zikawa zimeandikwa kwa uaminifu. Msomaji asiyeambiwa kiwango kilichotumika atapotea.

Maneno ya wengine, na mashine

Mapitio ya maandiko si orodha ya kusema fulani alisema hivi, na fulani naye akasema vile. Ni kuonyesha wenzako wamefika wapi, wanapingana wapi, na pengo lako liko wapi. Kila wazo la mtu mwingine lipewe jina la mwenyewe. Kunakili bila kutaja ni wizi, na cheti kilichopatikana kwa njia hiyo kinaweza kufutwa hata baada ya mahafali.

Siku hizi mna programu za akili mnemba zinazoweza kuandika ukurasa mzima kwa dakika moja. Zinaweza kukusaidia kunyoosha sentensi ya Kiingereza, kama chuo chako kinaruhusu na ukisema umezitumia. Lakini zina tabia ya kutaja makala ambazo hazipo duniani, na majina ya waandishi yakapendeza kabisa. Usiweke kwenye marejeo kitu ambacho hukukifungua na kukisoma wewe mwenyewe. Mtahini akikuomba makala hiyo, mashine haitakuwepo chumbani.

Msimamizi, vibali na nakala

Msimamizi wako ana wanafunzi wengi na vikao vingi. Usimwendee na maelezo ya mdomo, mpelekee kurasa. Kurasa tano mbaya zinarekebishika, lakini kurasa nzuri zilizoko kichwani mwako hazimsaidii yeyote. Baada ya kila kikao mwandikie muhtasari wa mliyokubaliana, ili mwezi ujao msianze tena mwanzo.

Vibali vishughulikieni mapema: vya chuo, vya mkoa na wilaya, na kwa utafiti wa afya unaogusa watu, kibali cha maadili kutoka kwa chombo kinachohusika kama vile Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Tumeona kijana akikusanya takwimu nzuri kabla ya kibali, kisha akakatazwa kuzitumia.

Nakala ziwe tatu, na zisikae kwenye begi moja. Mmoja wa vijana wetu aliibiwa begi stendi ya mabasi likiwa na kompyuta na kifaa cha kuhifadhia nakala humo humo. Alilia, nasi tulilia naye. Daftari la uwandani lililobaki nyumbani ndilo lililomwokoa, maana aliandika kila kipimo kwa kalamu siku ile ile. Baada ya miezi mitano tulipokea kitabu chake.

Mwisho, jiwekeeni kipimo kidogo cha kila siku. Sisi tulitoka kwenye ile miezi minane kwa kuandika aya mbili kila asubuhi kabla ya chai ya saa nne, ziwe nzuri ziwe mbaya. Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye tasnifu msemo huu ni kweli tupu.

Kwa kamati za sharika na wafadhili

Wajumbe wa kamati, tunawaomba mbadilishe swali. Mnapomwona kijana likizo, msimuulize, "Unamaliza lini?" Swali hilo linamfanya akimbie. Mwambieni, "Tuonyeshe sura uliyoandika." Hata kama hamsomi Kiingereza, mwambieni awaeleze mchoro mmoja. Akiweza kuueleza, anaendelea. Asipoweza, mleteni ofisini kwetu mapema, tumtafutie msaada kabla muda wa chuo haujaisha.

Wafadhili wetu wapendwa, tunawashukuru kwa ada. Tunawaomba mkumbuke kwamba swali la masika na kiangazi linahitaji safari mbili za uwandani, wala si moja. Bajeti inayolipia safari moja humlazimisha kijana kujibu nusu ya swali, kisha tunamlaumu kwa jibu la nusu. Kumbukeni pia gharama za kurudisha matokeo kijijini, ambazo katika bajeti nyingi tulizoziona hazina hata mstari mmoja.

Na ninyi vijana, kuanzia sasa ofisi yetu itawadai kitu kimoja zaidi ya kile mnachodaiwa na chuo. Pamoja na nakala ya tasnifu, kila mmoja ataleta ukurasa mmoja wa Kiswahili: niliuliza nini, nilifanya nini, nimeona nini, na kijiji kifanye nini au kisifanye nini. Namba ziwemo, na majina ya vyanzo yawemo, kwa idhini ya wenye vyanzo. Ukurasa huo utasomwa usharikani na kuhifadhiwa kwenye jalada la ofisi ya miradi. Hakuna kisima kitakachochimbwa na ofisi hii kabla jalada hilo halijafunguliwa na maktaba za vyuo hazijaulizwa. Hilo ni deni letu sisi, na tunaomba mtudai.

Kile kisima bado kipo. Maji yake yanafyatulia matofali na kufulia nguo, na pampu ina kibao cha onyo kilichoandikwa kwa rangi nyekundu. Maneno ya kibao kile ni machache, na mtoto wa darasa la pili anayasoma. Yangeweza kuwa sentensi ya kwanza ya ikisiri.